Vita, Riadha na Taarabu: Tathmini ya Meza Moja ya Vitabu vya Mtumba, Barabara ya Samora

Hatua chache kutoka Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe jijini Dar es Salaam, kuna mzee anayepanga vitabu vya mtumba juu ya mbao mbili zilizolazwa kwenye makreti ya soda. Hana bango wala jina la biashara, nami sitamtungia. Wanaomfahamu humwita Mzee tu, na wasiomfahamu humtambua kwa nailoni ya buluu anayoikunja pembeni, tayari kuitandaza wingu likijitokeza upande wa bandarini. Nimekuwa mteja wake kwa miaka minne, na kwa muda wote huo nimenunua karibu kila mara kutoka sehemu moja ya meza yake, ile ya vitabu vya mambo yaliyotokea kweli, ambayo yeye ameigawa katika marundo matatu kwa vipande vya kadibodi vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Vita", "Mpira" na "Wasanii". Katika rundo la Mpira mna riadha, ndondi na hata kriketi, kwa kuwa mzee ameamua kwamba mchezo wowote wenye washindi na washabiki ni mpira, na hakuna mteja aliyefanikiwa kumbadilisha mawazo.

Sitataja majina ya vitabu vingi nilivyonunua hapo, na sababu yake si uchoyo. Meza ya mtumba haina nakala ya pili, na kitabu nitakachokisifu leo huenda kimeshapakiwa kwenye mkoba wa mtu mwingine tangu asubuhi. Kinachoweza kumfaa msomaji ni kuujua mzigo unaopatikana hapo, namna ya kuupima kabla ya kutoa pesa, na mahali ambapo mzigo huo huwa na ila. Bei zake huanzia shilingi 3,000 kwa vijitabu vyembamba na kufika 40,000 kwa majalada magumu yenye picha; mzee hupokea pesa taslimu na pesa za simu, na hukubali kupunguza ikiwa mteja ameanza kwa salamu kamili. Anayefika na kuuliza "hiki bei gani" kabla ya shikamoo hutajiwa bei ya mgeni.

Rundo la Vita ndilo kubwa kuliko mengine, na sehemu yake kubwa inahusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kama ilivyopiganwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Karibu vitabu vyote ni vya Kiingereza, viwili au vitatu ni vya Kijerumani vyenye herufi za kizamani zinazoumiza macho, na kwa Kiswahili sijawahi kukuta hata kimoja. Vina desturi moja vinayoshirikiana: vyote huanzia Tanga. Hilo halishangazi, kwani kisa cha Tanga kina kila anachokitamani msimulizi. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha pwani kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Uhindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, ili kuuteka mji uliolindwa na askari wapatao 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wakapigwa vibaya, wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki, risasi na maiti za wenzao, na katikati ya mapigano hayo nyuki waliotibuliwa wakawashambulia wapiganaji bila kuuliza bendera. Mwandishi akishindwa kukinogesha kisa kama hicho, kurasa zake zifungiwe vitumbua.

Kwa hiyo mwandishi wa vita hivi mimi humpima kwa wapagazi. Nikishika kitabu kipya huanza na faharasa ya mwisho, nikatafuta wachukuzi wametajwa kurasa ngapi, kisha nikalinganisha hesabu hiyo na kurasa walizopewa majenerali. Nina sababu ya kufanya hivyo. Vita hivi vilipiganwa katika nchi ya mbung'o, ambamo farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa ugonjwa kabla ya kufika popote, na kwa ajili hiyo gunia la unga, sanduku la risasi na vipande vya mzinga vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Waliokufa wakiwa wapagazi wa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi wao wakiuawa na kuhara, malaria na kichomi zaidi kuliko risasi, na sehemu ya lawama inauangukia unga wa mahindi uliosagwa ovyo, ukapikwa nusunusu, ukalishwa watu waliolelewa kwa ndizi au mtama. Mkazi wa Dar es Salaam anayeshuka daladala Kariakoo, sawa na mwenzake wa Nairobi anayekwenda kununua kiondo Kariokor, hutamka kila siku jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wachukuzi kwa lafudhi ya kwao. Kitabu cha kurasa mia nne kinachowapa watu hawa kurasa nne, hata kiwe na jalada la ngozi, mimi hukirudisha mezani.

Kuna jambo la kuchekesha katika kufanya upekuzi huo mahali penyewe mzee alipochagua kukaa. Sanamu iliyo mbele yake ilizinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanawakumbuka pia wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Lakini anayesimama juu ya jiwe ni askari peke yake, ameinama mbele na singe yake imeelekea bandarini. Vitabu vingi vya rundo hili vimejengwa kwa mfano wa sanamu hiyo: askari juu ya jalada, mpagazi katika maandishi madogo chini yake.

Kile kilicho bora kati ya nilivyonunua kilinigharimu shilingi 25,000. Mwandishi wake anamfuata Lettow-Vorbeck kuvuka mto Ruvuma mwezi Novemba 1917, kuzunguka Msumbiji, kurudi kaskazini na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, hadi aliposalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa amebaki na Wajerumani 155 na askari 1,168. Sifa anazompa jenerali huyo ni nyingi kupita kiasi changu. Anazungumza juu ya mtu asiyeshindwa kana kwamba kutoshindwa ni kazi isiyomgharimu mtu mwingine chochote. Lakini kabla ya kufika Abercorn anasimama Ugogo kwa sura nzima, anaeleza jinsi majeshi ya pande zote mbili yalivyochukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana, na Wagogo wakaingia katika ile njaa waliyoiita Mtunya, iliyodumu tangu mwaka 1917 hadi 1920. Sura hiyo inakilipia kitabu chote. Niliisoma nikiwa kwenye basi la Dodoma, na abiria wa kiti cha pili, mama mtu mzima aliyekuwa akinichungulia, aliponiuliza ninasoma nini nikamtajia Mtunya, alinijibu kwamba bibi yake alikuwa akihesabu umri wa watu kwa njaa hiyo. Ni vitabu vichache vya vita vinavyoweza kufanyiwa uhakiki wa namna hiyo na abiria wa basi.

Kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia rundo ni hafifu, na vitabu vilivyopo hupenda zaidi Abisinia kuliko Burma. Hilo ni pengo kubwa kwa msomaji wa kwetu, kwa maana keya, kama wazee walivyowaita askari wa King's African Rifles, walifika mbali mno na nyumbani: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 katikati ya mvua za kusi na matope ya magotini, na kufikia Desemba ilikuwa imeufikia na kuuvuka mto Chindwin. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari mwaka huohuo, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Katika vitabu vitatu vya Burma nilivyowahi kupekua mezani, kimoja tu kiliitaja meli hiyo, nacho kiliitaja kwa sentensi mbili, moja ikiwa ni ya kueleza namna nyambizi yenyewe ilivyoangamizwa baadaye.

Vita vya Kagera ndivyo vinavyoulizwa zaidi na wateja, kwa maelezo ya mzee, na ndivyo adimu kuliko vyote. Nilisubiri miezi saba kupata nakala ya kitabu kilichoandikwa na waandishi wa habari wawili wa Kimarekani, mume na mke, walioandamana na jeshi la Tanzania hadi Kampala na kukichapisha kitabu chao mwaka 1982. Nakala ilipopatikana ilikuwa imechanwa ramani. Mtu anaweza kudhani kwamba ramani ni pambo, lakini katika vita vile ardhi ndiyo iliyokuwa ikiamua mambo: mto Kagera na daraja la Kyaka, ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mapema Novemba 1978 ili wasifuatwe, kisha ile barabara ya Lukaya iliyopita katikati ya kinamasi, mahali ambapo tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201 ilirudishwa nyuma, na ikabidi brigedi ya 208 izunguke usiku kutokea upande mwingine ili mambo yageuke kesho yake. Msomaji asiye na ramani anabaki na majina ya miji hadi Kampala inapotekwa tarehe 11 Aprili, bila kuelewa kwa nini jeshi lilipita huku na halikupita kule. Nilimwonyesha mzee kasoro hiyo, akapunguza bei kutoka 20,000 hadi 8,000 bila ubishi, akasema, "Mwalimu, mimi nauza kilichobaki." Nimeichora ramani upya kwa penseli nyuma ya jalada, na kitabu sasa kinasomeka.

Kasoro ya jumla ya rundo hili, ukiacha kuchanwa, ni kwamba kumbukumbu za makamanda zimejaa na za wapiganaji wa kawaida hazipo. Naelewa kuwa mzee hauzi kisichoandikwa. Hata hivyo mteja ajue kwamba akitaka kusikia askari wa mstari wa mbele wa Kagera akisimulia kwa lugha yake mwenyewe, itambidi amtafute mtu huyo kijiweni, kwa kuwa mezani hayupo.

Rundo la Mpira ni jepesi zaidi, na nusu yake mtu anaweza kuiruka bila kupoteza kitu. Limejaa tawasifu za wachezaji wa ligi ya Uingereza, zile zinazotolewa mchezaji angali na miaka 26, ambazo hufika kwetu kwa marobota pamoja na jezi. Klabu zetu hazina bahati mezani hapa. Kuna vijitabu vya Simba na Yanga vilivyochapishwa kwa karatasi nyepesi, na vinakubaliana juu ya mambo ambayo mshabiki yeyote anayajua tangu utotoni, yaani kwamba Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwamba jina la Sunderland liliachwa mwaka 1971 na kuwa Simba. Baada ya hapo kila kimoja kinaanza kutukana upande wa pili. Nilinunua kimoja kwa 3,000 na nimemgawia mpwa wangu.

Kinachonirudisha kwenye rundo hili ni riadha, na hapa pia nina kipimo changu. Kitabu chochote cha historia ya Olimpiki kina picha ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, akiingia uwanjani Mexico City usiku wa tarehe 20 Oktoba 1968, goti limefungwa bendeji, mbio za marathoni zimeshakwisha na watu wengi wameshaondoka. Waandishi wanaipenda picha hiyo kwa sababu inawapa fundisho bila jasho, nao huongeza maneno aliyoyasema baadaye juu ya nchi yake iliyomtuma kumaliza mbio, wakafunga ukurasa. Mimi hutazama kama mwandishi amefika mwaka 1970. Mwaka huo, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni wa tano kwa saa 2 na dakika 15 na sekunde chache, muda ambao kwa enzi ile ulikuwa wa mkimbiaji wa daraja la juu. Kati ya vitabu vitano vya mezani vilivyomtaja, hakuna kilichoeleza hilo. Wamemsimamisha kuwa mtu wa kuanguka kwa heshima, na mwanariadha mwenyewe wamemwacha uwanjani.

Filbert Bayi ametendewa haki zaidi, pengine kwa kuwa mbio zake hazikuacha nafasi ya kuhubiri. Katika kitabu kimoja cha historia ya mbio za kati, nilichokinunua kwa 15,000, kurasa kumi zinasimulia fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, New Zealand, ya tarehe 2 Februari 1974, na ni kurasa kumi nilizozisoma mara tatu. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kujibana nyuma na kuchomoka mwishoni; Bayi aliondoka mbele tangu mlio wa bastola, akaacha pengo, na wote wakasubiri achoke. Hakuchoka. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun ya 3:33.1 iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1967, na John Walker wa New Zealand aliyemfukuza hadi utepeni naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani lakini akatoka na medali ya fedha tu. Mwandishi anaeleza mzunguko kwa mzunguko, anataja muda wa kila mita 400, na anampa Ben Jipcho wa Kenya, aliyemaliza wa tatu, nafasi yake anayostahili. Anaeleza vilevile, kwa kirefu kinachotosha, jinsi mataifa ya Afrika yalivyosusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda Afrika Kusini ya makaburu, hivyo pambano la Bayi na Walker lililosubiriwa na dunia nzima halikufanyika, na Walker akachukua dhahabu. Bayi alirudi Moscow mwaka 1980 na kupata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha nyingine katika mita 5,000. Medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili, hadi leo.

Nilimwambia mzee kwamba marundo yake mawili ya kwanza yana undugu kuliko anavyodhani, kwa kuwa Bayi alikuwa mwanajeshi, na mwanajeshi alikuwa pia Juma Ikangaa, aliyeshika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, ile ya kwanza akizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu, kisha akashinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Mzee alifikiri kidogo, akachukua kitabu cha marathoni kilichokuwa mkononi mwangu na kukihamishia Vita. Sidhani alikuwa akitania. Wiki iliyofuata nilikikuta bado kipo hukohuko.

Rundo la tatu, la Wasanii, ndilo dogo, nalo ndilo lenye kitabu kilichonifanya niandike tathmini hii. Ni wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Nakala niliyoipata ni ya toleo la baadaye, mgongo umeshikiliwa kwa gundi ya fundi viatu, na bei ilikuwa 10,000. Nitakitaja kwa jina la mwandishi kwa sababu, tofauti na vingine, hiki kimechapishwa tena na tena na msomaji anaweza kukipata hata nje ya meza hii.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina Mtumwa, na jina hilo halikuwa la utani, kwani utumwa ulikuwa bado halali kisiwani mpaka mwaka 1897. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti akavibeba hadi mjini akivinadi, na inasemwa sauti ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuke kabla ya kuona vyungu vyenyewe. Alihamia mjini yapata mwaka 1911, akafundishwa muziki, akaimba mbele ya masultani na wakubwa katika taarabu iliyokuwa imezoea Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili. Na mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Shaaban Robert alizungumza naye mwenyewe muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950, na faida ya mazungumzo hayo inaonekana katika kila kitu kinachohusu maisha yake ya shamba, ambako hakuna mtafiti wa baadaye angeweza kufika bila yeye.

Kama wasifu, kitabu hiki kina ila zake, na sitazificha kwa sababu ya ukubwa wa jina la mwandishi. Shaaban Robert anamsifu Siti kuliko anavyomchunguza. Akikuta tukio hulitolea adili kabla msomaji hajapata nafasi ya kulitafakari, na kuna mahali nilitamani anyamaze ili bibi mwenyewe aseme. Wenzake Siti wa takhti, yaani kikundi chake cha wapiga muziki, watu kama Subeti Ambar, Mbaruk na Buda, ambao bila udi na fidla zao kusingekuwa na santuri, ningetaka wapewe kurasa zaidi. Hata hivyo kitabu kimefanya jambo ambalo vitabu vya gharama vya marundo mawili ya mwanzo vimeshindwa kulifanya: kimemweka kwenye jalada aliyebeba mzigo kichwani. Tena Kiswahili chake ni cha kusomwa kwa sauti. Nilimsomea mke wangu jioni mbili mfululizo, na yeye, ambaye vitabu vyangu vya vita huviita vumbi, alikiomba akimalizie mwenyewe.

Vitabu vingine vya rundo hili ni vya kuchagua kwa tahadhari. Kwa Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, kipimo changu ni mwaka wa kuzaliwa: mwenyewe hakuujua kwa tarakimu, alisema alizaliwa zama za rupia, na kwa hiyo kitabu kinachoandika tarehe kamili bila kusita kinastahili kutiliwa shaka katika mengine yote. Kwa wimbo wa "Malaika" kipimo ni kama mwandishi anakubali kwamba Fadhili William na Adam Salim kila mmoja ana watu wanaomtetea kuwa mtunzi wake. Anayemtaja mmoja na kusonga mbele hakufanya kazi. Juu ya Mbaraka Mwinshehe, aliyeondoka Morogoro Jazz na kuanzisha Super Volcano, kisha akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, nimekuta kijitabu kimoja tu, nacho kina picha nzuri na maelezo ya kunakili kutoka magazeti. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, mtu ambaye Morogoro nzima ilimlilia mwaka 1965, sijamkuta kabisa.

Sasa huduma yenyewe. Mzee anaijua bidhaa yake, na ukimweleza unachotafuta hukiandika katika daftari la shule, kisha hukupigia simu kikipatikana. Hilo amenifanyia mara nne, na mara zote bei ilikuwa ileile aliyoitaja simuni. Hukubali kubadilishana kitabu kwa kitabu ndani ya wiki moja kwa nyongeza ya shilingi 2,000. Kwa upande wa lawama, kurasa za picha hukatwa kwa wembe katika vitabu vya wasanii na wanamichezo, na ingawa ninaamini kwamba hazikatwi na yeye, ninaamini pia kwamba anazijua na hasemi mpaka aulizwe. Vitabu vya chini ya rundo vina ukungu wakati wa masika. Kimoja kilinilazimu kukianika uani siku mbili. Jambo la tatu ndilo lililoniudhi zaidi: safari moja niliuziwa nakala iliyodurufiwa na kujaladiwa upya kwa ustadi, nikaigundua nyumbani nilipoona kivuli cha kidole cha mdurufu pembeni mwa ukurasa wa 112. Alinirudishia pesa, lakini kwa kuchelewa na kwa uso uliokunjamana, na tangu siku hiyo mimi hufungua kila kitabu katikati na kukinusa kabla ya kukubaliana bei.

Kwa mtu anayetaka vita vya kwetu, ninaipa meza hii alama ya juu kuliko maduka mawili yenye viyoyozi ninayoyafahamu, ambayo rafu zake za historia zimejaa Napoleon na Hitler. Kwa riadha ni ya wastani, na kwa wasanii ni bahati nasibu. Afike kabla ya saa nne asubuhi, siku za Jumanne au Ijumaa ambapo robota jipya hufunguliwa, na awe na noti ndogondogo. Na asiishie kwenye mbao: chini ya kreti la kushoto kuna boksi la vitabu ambavyo mzee hajaviamulia rundo, na humo ndimo nilimomkuta Siti, akiwa amelala kati ya kitabu cha ufugaji wa kuku na ratiba ya zamani ya treni ya Kigoma.